Ghala Tele na Mtoto Mfupi: Mada Juu ya Shahada ya Kwanza ya Chakula na Lishe



Nimetakiwa niseme juu ya shahada ya kwanza ya chakula na lishe, na nadhani muradi wa walionitaka ulikuwa nieleze masomo yake ni yapi, sifa za kuingilia ni zipi, na ajira zake ziko wapi. Hayo nitayagusa kwa kadiri ya haja. Lakini madhali yamo katika miongozo ya udahili inayotolewa kila mwaka, na mwenye macho aweza kuyasoma bila ya msaada wangu, nimeona ni heri sehemu kubwa ya wakati huu niitumie kulieleza swali ambalo ilimu hii ilizaliwa ili kulijibu. Kwani kijana aingiaye chuoni bila ya kulijua swali, majibu yote atakayofundishwa yatakuwa kwake mzigo wa kukariri, na siku ya kutunukiwa shahada atautua na kwenda zake.

Swali lenyewe liko karibu nasi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani urefu wao haufikii kiasi kinachostahili umri wao. Mtu asiyeijua nchi angelidhani kwamba watoto hao wako zaidi katika mikoa ya ukame, ambako mvua ni ya kubahatisha na ghala huwa tupu kabla ya mwaka kugeuka. Sivyo. Mkoa uliotangulia mingine yote ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikutwa wamedumaa, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, ambako hesabu ilikuwa karibu na nusu. Nayo ndiyo mikoa ya nyanda za juu za kusini ambayo malori ya mahindi na viazi hutoka huko usiku na mchana kwenda kulisha miji, ilhali Dar es Salaam, ambayo hununua karibu kila inachokula, ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mdogo. Basi imekuwaje mtoto wa mwenye ghala awe mfupi kuliko mtoto wa mnunuzi? Mwanafunzi wa lishe ni mtu aliyekubali kulifanya jambo hili kuwa shughuli ya maisha yake.

Wala si fumbo jipya, na pwani yetu ilipata kuwa shahidi wake. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, mabaharia wake walikuwa wamekwisha kuonja kiseyeye, maradhi ya kuvimba na kutoka damu ufizi, ijapokuwa merikebu zao hazikuwa tupu. Na mwandishi wa habari za safari ile ameandika kwamba mfalme wa Mombasa alipeleka kondoo, machungwa, malimau na miwa, kisha akaandika kwamba wagonjwa wote walipata nafuu katika mji huo, kwa sababu hewa yake ni njema. Hewa! Machungwa yalikuwa mkononi, na sifa ikapewa hewa. Mwaka uliofuata, walipovuka bahari kurudi kutoka Bara Hindi na kufika Malindi huku wenzao wengi wamekwisha kufa njiani, waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa, ishara ya kuwa ujuzi ulikuwa umeanza kuingia. Walakini ilibidi ipite miaka takriban 250 hata James Lind, tabibu wa merikebu za Uingereza, alipowagawa mabaharia wagonjwa mwaka 1747 na kuwapa kila wawili dawa yao, na waliopewa machungwa na malimau wakainuka kabla ya wenziwao. Tafauti iliyopo baina ya yule aliyesifu hewa na huyu aliyepanga jaribio ndiyo tafauti ambayo mafunzo ya shahada hukusudia kuitia ndani ya kichwa cha kijana.

Niondoe sasa dhana mbili ambazo zimekaa vichwani mwa wazazi wengi, na mwa walimu pia. Ya kwanza ni kwamba masomo haya ni mapishi ya wasichana. Upishi ni fani tukufu ambayo ina vyuo vyake na mabingwa wake, na ni kweli kwamba somo la sayansi kimu katika shule za sekondari ni mlango mmojawapo wa kupitia. Lakini msingi wa shahada hii ni kemia na baiolojia, na wavulana na wasichana huketi humo sawasawa na kuanguka humo sawasawa. Ya pili ni kwamba ni mahali pa kuwatupia wale waliokosa nafasi ya udaktari. Siwezi kukana kwamba wengi huingia kwa mlango huo, na nimewaona baadhi yao wakawa wataalamu wa kutegemewa. Ila mwenye kuingia akinung'unika, aghalabu hupoteza mwaka wa kwanza mzima akiutazama upande wa pili wa ua.

Yampasa kijana ajue pia kwamba chini ya jina la chakula na lishe zimo njia zisizofanana. Iko sayansi na teknolojia ya chakula, ambayo hushughulika na chakula kabla ya kuingia kinywani: namna ya kukihifadhi, kukisindika, kukipima na kukilinda na vijidudu na sumu. Iko lishe ya binadamu, ambayo huanzia pale chakula kinapoingia mwilini, na hurudi nyuma kuuliza kwa nini kimeingia hiki na si kile. Na iko lishe ya tiba, ya wagonjwa wa kisukari, wa figo, wa moyo na wa saratani, ambayo makazi yake ni hospitali. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984 kutokana na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sayansi ya chakula na lishe ya binadamu ni shahada mbili mbalimbali. Vyuo vingine huziunganisha. Anayeomba nafasi asisome jina la shahada peke yake, bali aitake orodha ya masomo na aisome mpaka mwisho. Hapa Tanzania wengi huingia kwa tahasusi zenye kemia na baiolojia ndani yake, na iko moja, CBN, ambayo somo lake la tatu ni chakula na lishe yenyewe.

Katika maabara kijana hufundishwa mambo ambayo mwanzoni humchosha. Hupewa unga, akaambiwa aupime, autie katika tanuri ya joto la nyuzi 105 za Selsiasi, autoe, aupoze, aupime tena, na arudie mpaka uzito usibadilike, ili ajue maji yaliyokuwamo ni kiasi gani. Nao ni upimaji unaoamua kama mahindi yanafaa kuwekwa ghalani ama yatashika ukungu. Hupewa njia ya Kjeldahl ya kutafuta protini, ambayo kwa hakika haipimi protini hata kidogo: huchemsha chakula katika asidi kali, hutafuta naitrojeni iliyomo, kisha huizidisha kwa 6.25 kwa kukisia kwamba naitrojeni yote imetoka katika protini. Mwanafunzi mvivu hukariri hiyo 6.25. Mwanafunzi mwenye akili huuliza itakuwaje mtu akitia naitrojeni isiyokuwa ya protini. Na jibu lake dunia ililipata mwaka 2008 huko China, walipogundulika wafanyabiashara waliotia maji katika maziwa kisha wakatia melamini, kitu cha viwandani chenye naitrojeni nyingi, ili kipimo kionyeshe kwamba maziwa yana protini nyingi, na watoto wachanga karibu laki tatu wakaugua, wengi wao kwa mawe ya figo. Mpimaji ambaye haelewi kipimo chake hudanganyika kwa urahisi kuliko mtu asiyepima kabisa, maana yeye ana hati yenye muhuri.

Hata jambo linaloonekana dogo kama kumpima mtoto urefu lina adabu yake. Aliye chini ya miaka miwili hulazwa juu ya ubao, na aliyezidi husimamishwa. Wapimaji huwa wawili, mmoja ameshika kichwa na kukigusisha kwenye kingo ya ubao, wa pili ameyakandamiza magoti taratibu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukisukuma kibao mpaka kwenye nyayo. Mtoto aliyestahili kulazwa akisimamishwa, urefu hupungua kwa takriban milimita 7, na kwa mtoto aliye ukingoni kiasi hicho chatosha kumhamisha kutoka katika hesabu ya wazima na kumtia katika hesabu ya waliodumaa. Mtoto huyo pia hulia, hupiga mateke, na mama yake hutaka kumnyanyua. Ndipo ajulikanapo ni mwanafunzi yupi ana subira.

Lakini nikiulizwa ni somo gani moja ambalo ningependa kila mzazi akalishuhudie, ningemchukua hadi kwenye sufuria ya uji. Tumbo la mtoto ni dogo. Husemwa kwamba lina uwezo wa kupokea gramu 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, basi mtoto wa kilo 10 hushiba kwa bakuli moja la gramu 300. Mtoto wa mwaka mmoja anyonyaye kwa kiasi cha kawaida huhitaji kutoka katika vyakula vingine takriban kilokalori 550 kwa siku. Sasa tupike uji wa mahindi. Mama atatia unga kiasi ambacho mtoto aweza kuumeza, kwa kuwa unga wa wanga ukipikwa hunyonya maji ukavimba, na ukizidi kidogo uji huwa mzito wa kusimamisha kijiko; kwa hiyo katika uji mwepesi wa kunywewa huenda mkawa na gramu 5 tu za unga katika kila gramu 100. Bakuli zima, basi, lina gramu 15 za unga, ambazo hutoa kilokalori 50 na ushei. Mtoto huyo atahitaji mabakuli kumi na zaidi kwa siku, na mama yake ana shamba, kuni na maji ya kuteka. Hula mawili, pengine matatu. Tumbo limejaa, amenyamaza, kila mtu nyumbani anaona ameshiba, naye ameshiba kweli, ilhali mwili wake una njaa.

Ufumbuzi mmoja ulichunguzwa hapa hapa nchini katika miaka ya 1980 na wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, wakishirikiana na wenzao wa Sweden; nao hawakuuleta kutoka ng'ambo, bali waliukuta kwa watengenezaji wa togwa na pombe. Ni kimea. Nafaka ikiloweshwa na kuachwa ichipue, kisha ikakaushwa na kusagwa, ndani yake huwa mna kimeng'enya cha amilesi, ambacho kazi yake ni kuuvunja wanga. Pika uji mzito, wenye gramu 20 za unga katika kila gramu 100, uji ambao mtoto hawezi kuumeza. Uepue, uache upungue moto kidogo, kwa kuwa mchemko huua kimeng'enya. Nyunyiza kijiko cha kimea na ukoroge. Kwa dakika chache mwiko uliokuwa ukivutwa kwa nguvu hulegea, na uji ule, pasipo kuongezwa hata tone la maji, hutiririka. Kisha hurudishwa jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Bakuli lile lile la gramu 300 sasa lina gramu 60 za unga na kilokalori zipatazo 210, na mabakuli matatu yametosha haja ya siku nzima.

Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa pili wakiutazama mwiko huo kwa namna ambayo hawakupata kuutazama ubao wa darasani, na ni hapo baiokemia inapowakaa. Walakini mwalimu mwema hawaachi hapo. Huwaambia kwamba machipukizi ya mtama yana kitu kitoacho sayanidi, hivyo hupaswa kung'olewa kabla ya kusaga. Kwamba nafaka iliyoloweshwa na kukaushwa vibaya hushika ukungu, na mahindi yenye ukungu yalikwisha kuua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui, kwa sumukuvu. Kwamba kilokalori si lishe yote, na uji usio na maharage, dagaa, karanga wala mboga humpa mtoto nguvu bila ya chuma wala zinki. Kisha huwauliza swali gumu kuliko hayo yote: ikiwa kimea kinajulikana tangu zamani, na kinapatikana bure, na hesabu yake ni wazi kama hivi, kwa nini nyumba nyingi hazikitumii katika uji wa mtoto? Hapo vitabu vya kemia hufungwa.

Jibu hutafutwa Iringa, na hapa ndipo sisi tulipoifunza dunia. Kuanzia mwaka 1983, kwa fedha za serikali ya Italia na kwa usimamizi wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, serikali yetu iliendesha katika mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia Njombe ya leo, mpango wa lishe ulioanza na vijiji 168. Wataalamu hawakwenda na magunia ya maziwa. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu mbele ya wazazi na viongozi wa kijiji, na kijiji chenyewe kikaulizwa: hawa wamepungua kwa nini, na sisi tuna uwezo gani wa kufanya nini? Tathmini, uchambuzi, utekelezaji, kisha tathmini tena. Vijiji vingine vilijibu kwamba mama hana wakati, vikaanzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto msimu wa kilimo. Vingine vikasema ni malaria na kuhara. Katika miaka michache uzito pungufu ulishuka kutoka kiasi cha asilimia 56 ya watoto hadi 38, na ule mkali kutoka 6 hadi 2. Kutokana na mawazo yaliyokomazwa huko, UNICEF mwaka 1990 ilitoa mchoro wa sababu za utapiamlo ambao hadi leo hufundishwa katika vyuo vya lishe duniani: juu kabisa chakula na maradhi, chini yake upatikanaji wa chakula nyumbani, malezi ya mtoto na huduma za afya, na chini zaidi mali, mamlaka na mipango ya nchi.

Msikilizaji makini amekwisha kuona kwamba mkoa niliousifu hapa ndio ule niliouanzia kwa masikitiko. Ni kweli, na sioni haja ya kulificha. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri atauliza kwanza vipimo vilikuwa vya nini, na ataona kwamba kile cha zamani kilikuwa uzito kwa umri na hiki cha sasa ni urefu kwa umri, wala havilinganishwi moja kwa moja; kisha atauliza nini kilibaki katika vijiji baada ya fedha za mpango kwisha; kisha ataangalia kazi za mama mjamzito, idadi ya milo ya mtoto, mahindi yaliyotawala sahani, hali ya vyoo, na mambo yaliyoingia baadaye kama UKIMWI. Hatapata sababu moja. Anayetaka ilimu ya sababu moja na atafute pengine.

Juu ya ajira nitasema kwa ufupi. Halmashauri zina maofisa lishe. Hospitali kubwa zinawahitaji wa lishe ya tiba. Viwanda vya unga na mafuta, ambavyo sheria sasa huvitaka viongeze virutubishi, vyahitaji watu wa maabara. Kenya kazi hii ina baraza lake la kisheria tangu sheria ya mwaka 2007. Nafasi si nyingi kama wahitimu. Kijana asidanganywe kwamba kazi inamngoja mlangoni, wala asikatishwe tamaa na anayedhani kwamba afisa lishe ni mgawaji wa vipeperushi wiki ya unyonyeshaji, ijapokuwa ziko ofisi ambazo, kwa bahati mbaya, hazimpi zaidi ya hayo.

Limebaki jambo moja, ambalo ndilo lililonifanya niikubali mada hii, nalo lawahusu wenye vyuo kuliko wenye watoto. Mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wetu aghalabu huwekwa katika likizo ndefu, baina ya Julai na Septemba. Nyanda za juu za kusini wakati huo mavuno yamekwisha kuingia, ghala limejaa, mama amepumzisha jembe, na mtoto hula pamoja na wakubwa mchana na usiku. Mwanafunzi hufika, huona, huandika ripoti ya kweli kabisa kwamba chakula kipo cha kutosha, na huondoka akiamini kwamba kinachokosekana ni elimu ya mama. Lakini mwezi wa Februari katika nyumba ile ile mama huondoka alfajiri kwenda kupalilia, mvua inanyesha, akiba imepungua, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka minane pamoja na sufuria ya uji uliopoa tangu asubuhi, na kuhara kumeenea. Elimu ya mama ni ile ile ya Agosti. Tunawapeleka wanafunzi kuchunguza njaa katika miezi ambayo njaa imesafiri, kisha twashangaa wanaporudi na ushauri wa mabango.

Pendekezo langu ni kwamba muda huo wa mafunzo ugawanywe sehemu mbili, ya kwanza Februari na ya pili Agosti, na mwanafunzi arudishwe katika kaya zile zile. Nimekwisha kuambiwa kwamba ratiba ya mihadhara haitakubali, na kwamba nauli itakuwa mara mbili. Nauli ni hoja ya haki, na nadhani halmashauri zinazolilia uhaba wa maofisa lishe zingeweza kuwapokea vijana hao na kuwapa malazi, maana nazo zingepata wapimaji katika miezi ambayo hazina mtu. Ratiba siyo hoja. Mihadhara ya majuma matatu ya Februari yaweza kufundishwa Julai, na amilesi haitabadilika kwa kungoja. Kijana atarudi chuoni na karatasi yenye jina la mtoto mmoja, urefu na uzito wake mara mbili, na orodha ya alichokula katika siku moja ya kila mwezi kati ya miezi hiyo miwili, na mtihani wa mwisho uwe ni kuieleza karatasi hiyo mbele ya walimu wake na mbele ya mama wa mtoto, kwa Kiswahili.